Lenzi Ndefu ya Idefonsi

Mimi nina kinyaa, sifichi. Unywele mmoja kwenye mchuzi, nimeshiba. Sasa mniulize ilikuwaje nikakitia ulimi kitu kile, nami nitawajibu: ni kwa ajili ya Nahimana.

Nahimana alikuwa mkimbizi kutoka Burundi. Alinisaidia kusafisha picha kwenye kibanda changu pale Mbuba, miaka ile vilima vya Ngara vilipojaa maturubai ya buluu. Alipokuwa anakimbia alipotezana na mwanawe, Marcel. Akasikia kuna mtoto anayefanana naye kwenye kambi ya kilima cha pili. Tatizo, kule waliishi watu waliomuua mumewe. Akikanyaga, harudi.

"Dada Sharifa," aliniomba, "mpige picha kutoka huku. Nimwone uso tu. Nikijua ni yeye, nitakwenda, waniue wakitaka."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikajaribu. Lakini kamera yangu ilikuwa ya mtu anayejifunza, na lenzi yake ilikuwa fupi. Watoto walitoka wadogo kama punje za ulezi.

Basi jioni moja, jua likizama, nikaenda kwa Idefonsi, mzee aliyeuza redio, saa na kamera zilizokuja na wakimbizi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unataka lenzi ya kuvuta mbali."

Sikuwa nimemwambia mtu.

Akaweka lenzi mbili juu ya gunia. Ya kwanza ilikuwa ya urefu wa kadiri, kioo safi, pete inazunguka vizuri. Nikaifunga kwenye kamera yangu, hesi zikakubali. Nikatazama kilima cha pili. Mtu nilimwona ni mtu, lakini uso, hapana.

Ya pili ilikuwa ndefu, nzito... na ilinuka kabla sijaishika.

Harufu ya mto. Mwaka ule wengi wetu tuliacha kula samaki, na kila mtu alijua mto ulikuwa umebeba maiti.

"Hii imetoka wapi?"

"Majini."

Nikaizungusha pete. Ndani kitu kilikwaruza, kisha kikateleza, laini, kama utumbo wa kuku mkononi. Kioo kilikuwa na utando wa kijivu.

"Ina kuvu hii, mzee!"

"Futa uone," akanong'ona. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Sisi wapiga picha wa barabarani hatukuwa na vitambaa maalumu. Unagusa kioo kwa ncha ya ulimi, unafuta kwa pindo la kanga, basi. Mkono umezoea. Kabla akili haijakataa, ulimi ulishafika.

Mafuta. Chumvi. Kitu kikabaki ulimini mwangu... kikajikunja.

Ptu! Ptu! Astaghfirullah! Nilitema mpaka machozi yakanitoka.

"Unatema nini sasa?" Idefonsi akasema taratibu. "Imeshakuonja."

Ningechukua ile safi nikaenda zangu, na leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini nilipotazama kwa ile ndefu, niliona kope za mtoto kilima cha pili. Kope! Nikamfikiria Nahimana. Nikaichukua.

Kesho yake jua lilipoanza kulegea, tukapanda kilimani. Nahimana akaweka jicho kwenye kamera. Nilimwona anatetemeka mabega.

"Ni yeye... Mwana wanje. Ni yeye, dada!"

Nikafurahi, wallahi. Halafu akasema:

"Anakuja."

Nikatazama bondeni kwa macho yangu. Hapakuwa na mtu.

"Anakimbia. Anacheka. Njoo, mwanangu, njoo..."

Upepo ulikuwa umetulia, lakini ile harufu ilipanda. Nzi wakaja. Wakubwa, wa kijani, wakatua midomoni mwetu. Nikampokonya kamera nitazame mwenyewe.

Uso ulijaa kioo kizima. Umevimba. Maji yalimtoka puani mfululizo. Kisha akafumbua kinywa, akalamba kioo.

Kwa ndani.

Nikaitupa ile kamera. Lenzi ikapasuka juu ya jiwe na maji yakamwagika, mengi, meusi, yenye nywele. Nikainama kutapika.

Nyuma yangu, sauti ndogo ikasema, "Mama."

Nilipogeuka, Nahimana alikuwa amempakata mtoto aliyelowa, shati limemganda mwilini.

Nikakimbilia kwa Idefonsi. Jirani zake wakaniambia amehama alfajiri. Gunia lake lilikuwa pale pale, limelowa.

Nahimana hakurudi kazini. Nikipita kwake namkuta kamweka mapajani, anamfuta kidevu kinachotiririka. Anakula naye sahani moja, tonge lililotoka kinywani mwa yule linaingia kinywani mwake. Niliposema ananuka, akanijibu, "Watoto wote wananuka, dada."

Kisha jioni moja akaja Ernesta, mama wa kanisani aliyewasaidia watoto waliopotea. Alikuwa na mtoto mkavu, mwembamba, mwenye upele, amemtoa kilima cha pili. Jina lake Marcel. Alitaja jina la mama, la baba, na la mbuzi wao.

Nikampeleka mwenyewe, moyo unadunda kwa furaha.

"Mama, ni mimi," akasema mlangoni.

Nahimana akamtazama sana. Yule wa mapajani akamkumbatia shingo, vidole vikazama nyamani. Midomo ya Nahimana ikatetemeka. Nilidhani anainuka.

"Mrudisheni," akasema. "Wangu ninaye."

Marcel hakulia. Nikamshika mkono, nikarudi naye kwangu, nimemlea hadi leo. Njiani aliniuliza swali moja, na hajauliza tena.

"Mama mdogo, tulipovuka mto maji yalinivua shati. Yule mtoto amelipata wapi shati langu?"