Mkwaruzo Shavuni mwa Bibi

Kila alasiri, baada ya kuosha vyombo, Kidoa alivaa shati kuukuu la shangazi yake, mchora mabango ya maduka, akaingia naye karakana. Jina hilo alilipata kwa kuwa hakukosa doa la rangi, hata masikioni.

Ukutani palitundikwa picha ya rangi ya maji aliyoichora marehemu baba yake: Bibi siku ya mazishi ya Babu, amelikumbatia koti la mumewe, mikono mikubwa kuliko kichwa. Ilikuwa kazi pekee ya baba iliyobaki, na unyevu ulishaanza kuila.

"Inakili kabla haijatuponyoka," Shangazi alisema. "Kwa macho, tena bila haraka."

Kidoa alichora, akafuta, akachora tena mpaka karatasi ikatoboka. Siku moja Shangazi alipotoka, Kidoa alitandika picha ya baba juu ya karatasi ya kaboni na karatasi tupu chini yake, akaifuatisha mistari kwa penseli akikandamiza ili ihamie chini. Mikono ile mikubwa aliiona kosa, akaipunguza kwenye nakala.

Shangazi alipoiona nakala, alikunja uso. "Mistari iko sawa. Ila huyu analia au anasubiri basi?"

"Nimechora kwa macho, Shangazi," Kidoa alijibu.

Bibi, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, alizoea kuigusa picha ya mwanawe kila asubuhi kama anayemjulia hali. Kesho yake kidole chake kilikwama shavuni.

"Nani ameikwaruza kazi ya mwanangu?" aliwauliza Kidoa na Shangazi.

Kidoa angeweza kunyamaza, panya wakabeba lawama. Lakini ile sauti ilimchoma, machozi yakamtoka. "Ni mimi, Bibi. Nilitumia kaboni, kisha nikamdanganya Shangazi. Nisameheni."

Bibi aliupapasa tena mkwaruzo. "Imeniuma, mjukuu wangu. Na mkwaruzo huu hautoki. Haya, lete kiti, unitazame."

Alilitoa lile koti sandukuni, akalikumbatia. Kidoa alitazama vidole vilivyoling'ang'ania mpaka hakuona kingine ila mikono. Hapo akaelewa kwa nini baba aliikuza. Akaanza upya, polepole, siku baada ya siku.

Picha mpya ilipokwisha, Bibi aliisogeza karibu na macho. "Ndivyo nilivyolishika," alisema, sauti ikimkatika.

Shangazi alimshika Kidoa bega. "Kaboni hunakili mistari tu. Uchungu wa mtu sharti uutazame, na huwezi kumtazama mtu usoni huku unamficha uongo."

Walizitundika picha pamoja, mbali na ukuta wenye unyevu. Asubuhi Bibi alizigusa zote mbili.