Kucha Nyekundu za Madamu Sumu

Saa kumi na dakika ishirini na tano, Jumamosi alasiri, katika ghala moja la South End, Louisville, Marekani, Mushagalusa alichomwa kisu mbele ya kamera, na wenzake wakacheka. Walidhani ndiyo filamu yenyewe. Alikuwa na gauni la kumetameta na wigi la ajabu, akiigiza Madamu Sumu, katika kichekesho cha wanaume waliovaa kike kudhihaki zile filamu za zamani za bei chee, za mabibi wauaji. Adelina, fundi cherehani Mtanzania aliyeshona magauni yote, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha kucheka. Alipomshika mkono, ukucha mmoja mwekundu wa bandia ulibanduka; gundi ilikuwa bado mbichi. Mushagalusa alikata roho kabla gari la wagonjwa halijafika.

Polisi wakamchukua Cikuru, mwigizaji mwenzake na rafiki wa marehemu, maana ndiye aliyechoma. Masikini wa Mungu, mkewe ana mimba ya miezi minane!

"Dada Adelina, nilikijaribu kwa kiganja changu," alilia alipotembelewa mahabusu. "Saa kumi na dakika kumi. Kilikuwa kile cha muchezo, kinaingia ndani ya mupini."

"Halafu?"

"Bon, nikakiweka kwa meza, tukaomba."

Kikundi hiki cha waigizaji Wakongo hakikupiga picha bila maombi, wote kwa sauti, macho wamefumba, dakika nane nzima. Mtu wa kukibadilisha kwa kisu cha kweli angepata wapi nafasi kama hiyo?

Ghalani walikuwa watano tu, pamoja na marehemu. Watu wengi mtaani walimnyooshea kidole Rogers, mpiga picha, maana asubuhi ile alishikana mashati na marehemu. Lakini kamera ya duka la jirani ilimwonyesha akinunua betri wakati wenzake wanaomba. Akabaki Zihindula, dereva wa kikundi, kaka mkubwa wa marehemu. Ndugu wa tumbo moja, jamani! Adelina alitamani sana awe amekosea.

Jumatatu saa tano asubuhi alimfuata matangani, pamoja na mpelelezi wa polisi na mkalimani.

"Pole na msiba, kaka Zihindula. Wakati wa maombi ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa namushika ndugu yangu mukono. Mwanzo mupaka amina."

"Mkono upi?"

"Wa kuume. Zile kucha zake ndefu zilikuwa zinanichoma, hata nikakasirika."

"Wakati ule hakuwa na kucha, kaka. Nilimbandika baada ya amina, saa kumi na dakika ishirini."

Zihindula alitazama mlango, kisha akamtazama mpelelezi.

"Donc, mulitaka nifanye nini? Wiki ijayo filamu inaonyeshwa Columbus. Binti yangu anaolewa Buffalo, kwa watu wa heshima wa Amherst. Wakaona ndugu yangu na gauni, wakasogeza ndoa mbele! Nilitaka aumie kidogo tu, filamu isimame."

Binti huyo, Jolie, aliyefika alfajiri kutoka North Buffalo, alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Alikuwa amesikia yote.

"Papa, ndoa ilisogezwa sababu muchumba wangu ana mutihani. Vipande vya ile filamu ni miye niliwaonyesha, kwa simu yangu. Mama mukwe ananiuliza kila siku kama baba mudogo atakuja na lile wigi."

Mpelelezi alipiga simu Cikuru aachiwe, kisha akatoa pingu. Zihindula akanyoosha mikono mwenyewe.

"Walicheka?" akamuuliza Jolie.

"Walicheka, Papa. Walimupenda."