Tembe za Siku Kumi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Jentrix aliwafungulia kuku wa mama yake pale Naitiri. Siku hiyo watatu waligoma kutoka. Walisinzia tu, mbawa zimelegea. Kideri, ugonjwa unaofyeka kuku, kilikuwa kimebisha hodi.

Jentrix mwenyewe alikuwa akitibiwa koo, mara ya tatu mwaka huo. Muuguzi alikuwa amempa tembe na kumwonya: "Siku kumi. Hata ukipona, maliza." Lakini hii ilikuwa siku ya nne na koo lilikuwa limetulia. Tena jirani yao Phelista hakuchoka kusema, "Kuku wakiugua, wapee dawa ya watu bana, watapona." Basi Jentrix akazisaga tembe zote zilizobaki, akazitia kwenye maji ya kuku.

Kuku walikufa hata hivyo.

"Umemeza dawa?" mama aliuliza kila jioni.

"Nimemeza, mama."

Wiki tatu baadaye magoti yalimvimba. Kisha pumzi ikawa haba. Njia ya shule aliyozoea kuikimbia ikamshinda hata kwa kutembea.

"Ati umekuwa kukhu, nyanya kizee!" Ian wa darasa lao alimtania. "Tukuletee mkongojo?"

Jentrix alicheka. Ian na wenzake walipompita, aliketi kando ya barabara akalia.

Mama alimpeleka Kitale kwa Daktari Parminder. Daktari alitia stethoskopu masikioni, akaweka kile kisahani baridi kifuani pa Jentrix. Akasikiliza. Akakihamisha. Akasikiliza tena, muda mrefu mno.

"Msikilize mama yako kwanza," alisema, akimvisha Jentrix kifaa kile na kuweka kisahani kifuani pa mama.

Du-dup, du-dup, kama mtu anayetwanga bila haraka.

"Sasa jisikilize."

Du-shuu, du-shuu. Kama maji yanayovuja.

"Mlango mmoja wa moyo haufungi vizuri," daktari alisema. "Ugonjwa wa koo usiotibiwa hadi mwisho unaweza kufanya hivi. Zile tembe ulimaliza?"

Jentrix alivua kifaa masikioni. "Niliwapa kuku."

Mama hakumgombeza. Alijifunika uso kwa leso, mabega yakatikisika. Jentrix alitamani afadhali fimbo.

Sasa kila baada ya wiki nne huenda Bungoma kudungwa sindano ya kuzuia ugonjwa wa koo usirudi, na itakuwa hivyo kwa miaka mingi. Pumzi imerudi kiasi. Mbio, daktari amekataza.

"Daktari aliusikia moyo wako," mama alimwambia siku moja wakiwa kwenye foleni, "lakini mimi uliniziba masikio. Mwanangu, dawa humalizwa kwa siku zilizosemwa, si maumivu yakiisha. Na ukikosea, niambie siku hiyo hiyo. Nitagomba, ndiyo. Lakini kugomba hakuui."