Gari la Chome Lapanda Mlima

Chome aliishi peke yake huko Gazi, katika nyumba iliyokuwa karibu na barabara ya lami. Asubuhi alifagia ua. Kisha aliteka maji, akachemsha chai. Alikuwa bado hajazoea kupika chai ya mtu mmoja. Kila siku ilibaki, na kila siku aliimwaga shinani mwa mgomba.

Mkewe, Sidi, alifariki mwaka uliopita. Walijaliwa mtoto mmoja tu, Kadzo. Kadzo aliolewa Kinango, juu kule kwenye nchi kavu ya mifugo.

Kwa miaka mingi Chome alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya Diani. Alipostaafu, yeye na Sidi walinunua gari dogo kuukuu. Walilinunua ili wamtembelee mtoto wao. Sidi aliketi mbele na kuzungumza njia nzima. Sasa Chome aliweka kapu la muhogo kwenye kiti hicho.

Kila Jumapili alikwenda Kinango. Kutoka Gazi hadi Kombani hakukuwa na shida, kwa sababu njia ni tambarare. Shida ilianza barabara ilipopanda kwenda Kwale. Kwenye mlima wa Golini gari lilichoka. Chome alikanyaga mafuta, lakini halikuvuta. Malori yalimpigia honi kwa nyuma.

Jumapili moja lilizimika katikati ya mlima. Chome aliligeuza, akarudi nyumbani. Alimpigia Kadzo simu.

"Mwanangu, leo sitafika. Gari limekataa mlima."

"Si neno, baba. Utakuja Jumapili ijayo."

Jumapili iliyofuata hakwenda. Alikaa barazani. Watu walipita barabarani, wakamwamkua, wakaenda zao. Jua lilitua bila yeye kuzungumza na mtu.

Kadzo alikuwa mjamzito. Mimba yake ya kwanza iliharibika, na alipoteza damu nyingi. Safari hii muuguzi alimwonya mapema. "Usijifungulie nyumbani," alisema. "Kaa karibu na hospitali kubwa." Kutoka Gazi hadi hospitali ya Msambweni si mbali. Kwa hiyo walikubaliana kwamba Kadzo atakaa kwa baba yake mpaka ajifungue.

"Nitakuja kukuchukua mwenyewe," Chome alimwahidi.

Lakini angemchukua vipi, na gari halipandi mlima?

Jioni Chome alizoea kutazama video kwenye simu. Aliona vijana wakitengeneza magari yao. Walicheka, wakapigana mabega, wakawasha injini zikanguruma. "Gari likikosa nguvu, lifungue lipumue!" alisema mmoja wao. Chome alitazama video hiyo mara nyingi. Alipenda pia sauti za wale marafiki.

Basi alianza kazi. Alitoa boksi la filta ya hewa, akafunga filta ndogo ya wazi juu ya injini. Alimwendea mchomeleaji wa Ukunda, akamwomba akate sailensa ya egzosi, bomba la kutolea moshi. Mwisho alikata springi, gari likae chini kama yale ya kwenye video.

Alipoliwasha, sauti ilijaa ua mzima. Kuku walikimbia. Kwa muda mfupi Chome alihisi kana kwamba nyumba ina watu tena.

Jumapili aliondoka kwenda Kinango. Gari lilinguruma sana, lakini mlimani lilikuwa zito kuliko zamani. Alipanda kwa gia ya kwanza. Kila tuta liligonga tumbo la gari. Alipofika, mbuzi walitawanyika, na Kadzo akatoka nje kwa hofu.

"Baba, ni wewe? Nilidhani ni lori limeharibika!"

"Nimelitia nguvu," alisema Chome. "Ingia tuzunguke kidogo."

Kadzo aliingia. Hawakufika mbali. Alishika kinywa chake, akaomba ashuke.

"Baba, moshi unaingia ndani. Na hili gari larukaruka. Sitaweza kulipanda na hali hii yangu."

"Ni sauti tu, mwanangu."

"Si sauti tu. Kichwa chaniuma. Naogopa, baba."

Mumewe, Menza, alisimama kando na kofia yake mkononi. Alikuwa kijana mwenye adabu.

"Baba, utuwie radhi," alisema taratibu. "Siku ikifika, nitatafuta gari jingine."

Chome alifungua mlango wa gari. Alishusha kapu la muhogo, akaaga. Alirudi Gazi peke yake, na vioo vyote wazi ili moshi utoke. Njiani aliona kwamba hata mtoto wake sasa hamhitaji.

Siku kadhaa hakuliwasha gari. Hakupiga simu Kinango.

Nyumba ya jirani ilikuwa imepangwa na mwalimu Eunice. Alitoka bara, magharibi mwa Kenya, na alifundisha ufundi wa magari katika chuo kimoja cha ufundi. Wanawe walikuwa wakubwa, na wote walikuwa mbali. Yeye na Chome walikuwa wakisalimiana tu kupitia uani. Jumamosi alikuja mlangoni.

"Hodi!"

"Karibu, mwalimu."

"Asante, Mzee Chome. Gari lako lilikuwa linanipigia kelele kila siku. Sasa limenyamaza, nikaingiwa na wasiwasi. Uko mzima?"

Ilikuwa muda mrefu Chome hajaulizwa swali hilo. Alitaka kusema, "Mimi mzima." Badala yake alimweleza yote: mlima, video, maneno ya Kadzo, na maneno ya Menza. Eunice alisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, Kadzo ana haki ya kuogopa," alisema. "Moshi wa gari una sumu. Nyingine haionekani wala hainuki. Egzosi ikikatwa ovyo, sumu inaingia ndani ya gari. Ni hatari kwa kila mtu, zaidi kwa mama mjamzito."

Chome aliinamisha kichwa. "Sikujua. Mimi nilitaka nguvu tu."

"Kelele si nguvu. Hebu fungua boneti tuone."

Injini ilikuwa imepoa. Eunice aligusa ile filta ya wazi.

"Injini inapenda hewa baridi na safi," alisema. "Hii filta yako iko juu ya injini, inavuta hewa ya moto. Hewa ya moto ni nyepesi, haina nguvu. Tena inapitisha vumbi la Kinango, na vumbi linasaga injini ndani. Boksi la zamani liko wapi?"

Chome alilitoa stoo, pamoja na mpira mrefu uliokuwa kando yake. Filta iliyokuwamo ilikuwa nyeusi, imejaa vumbi na majani.

"Hapa ndipo ugonjwa ulipoanzia," alisema Eunice. "Gari lilikuwa linavuta pumzi kama mtu aliyefunikwa blanketi. Lilitaka filta mpya, basi. Na huu mpira mrefu, mbona ulitoka?"

"Ulidondoka zamani. Niliuona hauna kazi."

"Una kazi kubwa. Unaleta hewa baridi kutoka mbele ya gari. Tuurudishe."

Walinunua filta mpya kwenye duka la spea Ukunda. Haikuwa ya bei kubwa. Chome alipangusa boksi kwa kitambaa, akafunga filta na ule mpira kwa mkono wake. Kisha Eunice alimwonyesha namna ya kufungua plagi. Ncha zake zilikuwa zimelika na kuwa nyeusi.

"Plagi ndiyo inayotoa cheche ya kuwasha petroli," alieleza. "Ikichoka, petroli haiwaki vizuri. Unapoteza mafuta na nguvu pamoja. Weka mpya za aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Zikaze kiasi, usizivunje."

Chome alifunga plagi mpya, ulimi wake ukitokeza kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika. Eunice alitabasamu, akafungua buti.

"Mzee Chome! Haya yote ni ya nini?"

Mlikuwa na mawe, vipande vya chuma, jembe, na gunia la mbolea lililoganda.

"Nimesahau tu kuyatoa."

"Gari linayabeba mlimani kila safari. Toa. Bakisha tairi la akiba, jeki na spana."

Chome alianza kushusha. Eunice alibonyeza matairi kwa kiatu. Yalikuwa laini.

"Tairi lenye upepo kidogo linang'ang'ania barabara. Pima upepo kabla ya safari, tairi likiwa baridi. Kipimo kimeandikwa kwenye mlango wa dereva."

Walilisukuma gari kwenye uwanja sawa. Lilikuwa zito mno. Eunice alisimama, akafikiri.

"Breki moja inashika," alisema. "Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi inaleta kutu. Breki ikishika, ni sawa na kupanda mlima huku mtu anakuvuta shati. Lakini sikiliza. Filta, plagi na upepo unaweza kufanya mwenyewe. Breki, springi na egzosi usiguse bila fundi aliyefunzwa. Hapo kosa moja ni maisha ya mtu."

Gari lilipelekwa gereji. Fundi alisafisha breki iliyoshika, akarudisha springi nzima na sailensa. Hayo ndiyo yaliyogharimu. Chome alilipia makosa yake mwenyewe, na hakunung'unika.

Kisha walikwenda kulijaribu, Chome na Eunice. Kwenye mlima wa Golini Chome alishika usukani kwa nguvu zote, akingoja gari likohoe. Halikukohoa. Lilipanda kwa gia ya tatu, kimya, na lori lililokuwa nyuma likabaki mbali.

"Halikuongezewa kitu," alisema Eunice. "Limerudishiwa nguvu lilizozaliwa nazo."

Chome alimpigia Kadzo simu. "Mwanangu, nimelirekebisha. Moshi hakuna. Nitakuja, na Menza atalijaribu kwanza. Mkiona halifai, nitarudi bila kinyongo."

Menza alilijaribu hadi sokoni na kurudi. Aliposhuka alicheka. "Baba, hili ni gari jingine!"

Kadzo aliingia. Kabla ya kufika Kwale alikuwa amelala, kichwa chake kimeegemea dirisha. Chome alipunguza mwendo kwenye kila tuta, asimwamshe.

Uchungu ulimshika Kadzo mchana mmoja huko Gazi, akianika nguo. Chome alimfikisha Msambweni mapema. Alipoteza damu tena, lakini safari hii madaktari walikuwa karibu naye. Alijifungua mtoto wa kike, na wote wawili walipona.

Walipopata nguvu, mama na mtoto walirudi Kinango. Nyumba ya Chome ilinyamaza tena. Alifagia ua, akateka maji. Upweke haukuwa umekwisha. Lakini kila Jumamosi alipima upepo wa matairi, na kila Jumapili alikwenda.

Jumapili moja, kabla ya kuondoka, alipiga hodi kwa jirani.

"Mwalimu, ukitoka kanisani huwa wafanya nini?"

Eunice alifikiri kidogo. "Nafua. Halafu nakaa. Kuna Jumapili hufika jioni sijaongea na mtu."

"Nami nazijua Jumapili hizo," alisema Chome. "Kadzo ataka umwone mtoto. Nitakungoja, twende pamoja."

Wakaenda. Kwenye mlima wa Golini Eunice aliinua kidole.

"Sikiliza," alisema.

Chome alitega sikio kwa hofu. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu," alisema Eunice. "Linavuta tu."