Rilei Iliyolia Bila Betri

Betri ilikuwa chini sakafuni, na Fundi Waya ndiye aliyeitoa kwa mikono yake. Sasa kile kilicholia "tak" ndani ya boksi la fyuzi kililia kwa umeme wa nani?

Alidhani ni masikio. Mtu akishinda juani na tumbo tupu husikia mengi. Akainama tena juu ya injini. "Tak." Ikafuata harufu ya asumini, tamu kupita kiasi, na nyuma yake harufu ya nywele zinazoungua.

"Mama, gari lako lina nini hili?"

Mwenye gari, mama mtu mzima aliyevaa nyeusi tupu, alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, mkoba mapajani. "Linazima, mwanangu. Linazima linapotaka lenyewe."

Ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni. Gari linawaka, halafu linazima ghafla, maana mafuta hayafiki. Fundi Waya alirudisha betri, akapita na taa ya kupimia waya hadi waya. Umeme unaingia kwenye rilei, ile ya kuwashia pampu ya mafuta, kidude cheusi kisichozidi kiberiti. Kutoka hautoki. Na gereji isiyo na stoo hupimaje rilei? Unachomoa nzima ya gari jingine unaichomeka hapa, hii mbovu unaipeleka kule. Ugonjwa ukihamia kule, umeshamjua mchawi wako. Fundi Waya alizoea kufanya hivyo bila hata kufikiri.

Gari jingine lililokuwepo lilikuwa lake. Aliliweka tayari siku zote, kwa sababu mkewe alikuwa na mimba ya kujifungua wakati wowote, nyumba yao iko ng'ambo ya reli na hospitali iko upande huu.

Akabadilisha. Yule mama akainuka.

"Umeichomoa kwa hiari yako?"

"Makubwa! Kwani umenishikia fimbo, mama?"

"Na mahali pake umeweka ya kwako."

"Ya kupimia tu, nitaitoa."

Gari likawaka mara moja. Mama akaingia, akafunga mlango, machozi yakimchuruzika. "Nisamehe, mwanangu. Haki ya Mungu, nisamehe." Akaondoka mbio, na rilei ya watu ndani. Fundi Waya alicheka mpaka akashika kiuno. Watu siku hizi wanaiba na huku wanaomba msamaha!

Kicheko hakikufika mbali. Aliichomoa ile mbovu garini mwake, akaitupa kwenye mtaro wa maji machafu, akaenda dukani akaleta mpya, akaichomeka. Alipogeuka kuchukua kitambaa akasikia tak, na alipofungua tena boksi la fyuzi akaikuta ile kuukuu imekaa mahali pake, inachuruzika tope la mtaroni, na asumini imejaa gereji nzima mchana kweupe. Akampigia simu yule mama kwa namba aliyoiacha alipoleta gari.

"Sema polepole," mama alinong'ona. "Linasikia."

"Umeniletea nini, mama?"

"Jini, mwanangu. Lilianza na mume wangu, likamzimia gari katikati ya reli, treni hiyo inakuja na milango imegoma kufunguka, na gari likawa chuma chakavu lakini rilei nikaja kuikuta kwenye gari langu mimi, na usiseme utapanda la kukodi, maana linaandama nyumba nzima, mwanangu wa kumzaa alipanda la kukodi nayo ikamfuata humo humo, reli ile ile. Nimeita waganga, nimeita mashehe. La kuvunda halina ubani. Wote waliniambia halifukuzwi, linahama tu, na halihami mpaka mkono wa mtu ulitoe kwa hiari na kuliachia chake mahali pake. Nimezunguka gereji zote, fundi. Wenzako waliniambia nikanunue mpya."

"Mimi nimekukosea nini?"

"Hukunikosea kitu. Wewe ulitoa ya kwako." Akakata.

Simu ikalia hapo hapo. Alikuwa mkewe. "Mume wangu, uchungu umeanza. Njoo unichukue, njoo sasa hivi."

Mtaa wa pili alikuwepo mdogo wake, fundi kama yeye, tumbo moja, ufundi aliomfundisha mwenyewe. Gari lilimfikisha huko likikohoa. Mdogo wake akafungua boneti, akapima, akamcheka.

"Kaka, rilei tu hii! Umezeeka? Ngoja nikupe ya kwangu, mkeo asije akazaa jikoni."

Neno la kumwokoa mdogo wake lilikuwa moja tu, kanunue mpya. Fundi Waya alifungua mdomo alitamke. Akamwona mkewe juu ya reli, amelishika tumbo, anagonga kioo. Akaufunga mdomo, akatazama pembeni mpaka mdogo wake alipomaliza kubadilisha.

"Nisamehe," alisema.

"Kwa lipi tena? Kimbia, bwana!"

Alivuka reli kwenda na kurudi bila kusikia chochote. Mtoto alizaliwa kabla jua halijazama, msichana, mzima, na mama yake mzima. Fundi Waya alimpakata, na furaha yote ilikuwa chungu mdomoni kama shubiri.

Simu ikaita. Mdogo wake.

"Hongera, kaka! Tunakuja kumwona. Nimempitia mama, huyu hapa mbele kajipamba utadhani bibi harusi."

Nyuma ya sauti yake kitu kikalia tak.

"Mwanangu," mama yao alikuwa akisema, "ulimpakia nani humu? Panafuka asumini."

Fundi Waya alisimama wima, mtoto kifuani. "Mko wapi? Nakuuliza, mko wapi?"

"Tumefika hapa relini, limezima tu kidogo. Usiwe na wasiwasi, napiga stata."

Stata ikalia, ikalia tena. Kwa mbali honi ya treni.

"Shukeni!" alipiga kelele, manesi wakageuka. "Shukeni garini!"

"Kaka," alisema mdogo wake, na safari hii mzaha ulikuwa umekwisha, "mbona milango haifunguki?"