Komeo na Msaidizi wa Kuandika

Fundi alikuwa na cherehani mbili na kompyuta moja. Cherehani alizijua kwa sauti. Moja ikianza kukohoa, alijua kama ni sindano au ni mafuta. Kompyuta hakuijua hivyo. Aliipata juzijuzi, alipomaliza darasa la watu wazima la kusoma na kuandika, na bado aliigusa kwa ncha za vidole kana kwamba imelala.

Mume wake alikuwa mlinzi wa ghala. Watu walimwita Komeo, na jina lilimkaa sawasawa. Hata nyumbani hakulala kabla ya kuujaribu kila mlango. Miaka yote yeye ndiye aliyemwandikia mkewe ujumbe wa wateja, na hakuwahi kulalamika. Lakini sasa Fundi alitaka kuandika mwenyewe.

Mara ya kwanza alijaribu kwenye tovuti ya matangazo, ile inayotumiwa na nusu ya mji. Alikosea maneno mengi. Mtu mmoja akamjibu mbele ya wote kwamba bila shaka ameandika kwa cherehani. Jamani, watu walicheka. Fundi alilia siku ile, akaapa kutorudi pale.

Aliyemrudishia moyo ni wifi yake, mdogo wa Komeo, anayefanya kazi maktaba na kuwaelekeza watu kutumia kompyuta. Alimwekea kiendelezi, yaani programu ndogo inayokaa ndani ya kivinjari, kile tunachokitumia kufungua tovuti. Kazi yake ni kumsaidia mtu kuandika. Ukikosea neno, kinalipigia mstari mwekundu na kukuonyesha linavyotakiwa kuwa. Fundi alikipenda sana.

Basi asubuhi moja hospitali ikatangaza kwenye tovuti ileile kwamba inatafuta mshonaji wa aproni za wapishi wake. Wenye nia waeleze hapohapo watakavyozishona, kabla ya saa nane mchana. Fundi akavuta kiti. Akaandika, akasubiri mstari mwekundu. Kimya. Akakosea neno makusudi. Kimya.

Aliifuta skrini kwa kitambaa. Akaizima kompyuta, akaiwasha tena. Wapi! Komeo, aliyekuwa ametoka zamu, akaona afadhali amwandikie yeye, yaishe. Mkewe alimtupia jicho moja tu, naye akarudi nyuma. Akituma hivyohivyo, atachekwa tena. Asipotuma, kazi inampita hivihivi. Akampigia wifi yake simu.

Wifi alifika na mkoba begani, akamuuliza kaka yake amevunja nini tena. Kisha akakaa, na hapo Fundi akaona kazi ya mtu anayejua anachofanya. Binti yule hakubonyeza ovyo. Alijaribu kitu kimoja, akatazama, ndipo akajaribu kingine.

"Wifi, kwanza tujue tatizo liko wapi," alisema. "Fungua barua pepe yako, uandike neno kwa kulikosea."

Fundi akaandika. Mstari mwekundu huo.

"Basi kiendelezi ni kizima, na mtandao upo. Tatizo liko kwenye tovuti ile tu. Rudi kule, upakie ukurasa upya."

Wakaupakia. Bado. Wifi hata hakuguna. Alimwonyesha alama ndogo ya kiendelezi, juu pembeni mwa kivinjari. Kwenye barua pepe ilikuwa ya kijani. Hapa ilikuwa ya kijivu. Akamwambia aibonyeze na asome mwenyewe. Fundi akasoma taratibu: kimezimwa kwenye tovuti hii.

Komeo akakohoa.

Ikabidi aseme. Jana alikuwa akitafuta tairi la baiskeli kwenye tovuti hiyo. "Kikaniuliza kama nakiruhusu kisome kinachoandikwa hapa," alisema. "Nikakataa. Mtu simjui, anataka kusoma mambo ya mke wangu, nimruhusu vipi?"

Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. Fundi alitaka kukasirika, akashindwa, maana mwanamume wa watu alikuwa amesimama pale wima kama yuko getini. Kisha wifi akaeleza kwamba kaka yake hakukosea yote. Kiendelezi kama hiki lazima kisome unachoandika, la sivyo kitasahihisha nini? Kwenye tangazo la watu wote, hakuna neno. Lakini kwenye tovuti ya benki, au popote penye siri zako, ni vizuri kukizima.

"Ulinzi wako ni mzuri, kaka," alisema. "Ila umefunga mlango usiohusika."

Fundi akakiwasha kwa mkono wake na kuupakia ukurasa upya. Mistari myekundu ikajaa. Hajawahi mtu kufurahia makosa yake namna ile. Wifi akaongeza kwamba kingegoma kabisa, angeandika kwenye barua pepe, asahihishe, kisha anakili na kubandika kwenye tovuti. Tena asikubali kila pendekezo bila kulisoma, maana programu inajua maneno, lakini aproni anazijua yeye.

Na kweli alizijua. Aliandika kwamba kamba hukatika pale zinapoungana na aproni, kwa hiyo atapashona mara mbili. Mifuko ataiweka ubavuni, kwa sababu iliyo mbele hunasa mpini wa kikaango. Akasoma yote, akatuma kabla ya saa nane.

Jibu la mkuu wa jiko lilikuja wiki hiyohiyo. Fundi alimsomea mumewe. "Walioandika ni wengi. Wewe tulikuelewa mara moja, na tukajua umewahi kumtazama mpishi akifanya kazi. Njoo uchukue vipimo."

Komeo alikuwa anavaa viatu vya zamu. Akabaki na kiatu kimoja mkononi.

"Soma tena," alisema.

Kisha akaenda mlangoni, akaufungua wazi kabisa ili majirani nao wasikie.