Siku ya Ishirini na Tisa

Maiti ya Wendell Tackett ilikutwa asubuhi ya Alhamisi ndani ya pikapu yake, hatua arobaini tu kutoka mlango wa dharura wa hospitali ya Harlan Falls, Ohio. Viatu alikuwa amevivua. Miguu ilivimba hata soksi zilikataa kupanda.

"Hakuna jeraha," daktari wa polisi akasema. "Moyo ulishindwa, mapafu yakajaa maji. Alikufa jana."

"Mgonjwa wa moyo afie mlangoni mwa hospitali? Jamani!" Inspekta Marva Pruitt akang'aka.

Tiketi ya maegesho ilionyesha kuwa aliingia Jumanne. Mfukoni mlikuwa na kikaratasi chenye neno moja la mkono: Alhamisi.

Opal, mjane wake, alikuwa na hasira kuliko machozi.

"Hospitali wananiambia mume wangu mkaidi, eti alikataa kulazwa. Mwanangu, Wendell angelala hata juu ya miiba ili apate pumzi! Alinipigia simu, akasema ameambiwa asubiri, na nyumbani ni mbali, atalala humohumo garini. Nataka kujua nani alimfukuza."

Mwandiko ulimfikisha Marva kwa Darlene Skaggs, muuguzi anayefuatilia wagonjwa walioruhusiwa.

"Huu mwandiko wako?"

"Wangu."

"Jumanne alikuja anahema?"

"Alikuja."

"Ukamwambia nini?"

"Ajikaze mpaka Alhamisi."

"Kwa nini Alhamisi? Usinizungushe, Darlene."

"Jumanne ilikuwa siku ya ishirini na tisa tangu tumruhusu. Mgonjwa wa moyo akilazwa tena ndani ya siku thelathini, serikali inatuadhibu kwa kutukata malipo. Alhamisi ingekuwa ya thelathini na moja."

"Mtu anazama, wewe unahesabu siku!"

"Usinihukumu, dada. Tulipoadhibiwa mwaka juzi, wodi ya wazazi ilifungwa. Binti yangu akajifungulia barabarani, mtoto akanifia mikononi. Tukiadhibiwa tena, wanafunga chumba cha dharura. Nilimpa Wendell dawa ya kupunguza maji, nikadhani itamvusha. Nilidhani kaenda kwake. Nimemuua. Andika."

Marva aliandika. Mwendesha mashtaka akalirudisha faili siku hiyohiyo: marehemu alipewa dawa, akaondoka kwa miguu yake, kesi haisimami.

Ilibidi Marva aende mwenyewe kumwambia Opal.

"Na hospitali je?" Opal akauliza.

"Haiadhibiwi, mama. Hakulazwa tena, kwa hiyo kwenye orodha yao, Wendell hakurudi."

"Hakurudi?" Opal akasimama. "Siku mbili nzima alikuwa mlangoni kwao!"